MBWEMBWE AU KICHAPO? Kasheshe ya manaiti wa siku hizi

Hebu piga picha hii, msomaji. Vidume watano wamevaa chuma kuanzia utosini hadi miguuni, kila mmoja kabeba si chini ya kilo 25 za deraya mwilini. Ng'ambo yao wamesimama wengine watano wa aina hiyo hiyo. Refa anatoa ishara. Hakuna salamu, hakuna yale maneno matamu ya kwenye sinema, ni mkong'oto tu! Shoka linatua kichwani, ngao inapigwa usoni, jamaa anamkaba mwenzake shingo na kumbamiza kwenye ukuta wa mbao uliozunguka uwanja. Akianguka, kwisha habari yake. Ukigusa ardhi kwa kiungo chochote zaidi ya nyayo, umetoka.

Huo mchezo unaitwa buhurt. Ni jina la kale la vita vya mazoezi vya manaiti, wale mashujaa wa Ulaya wa Enzi za Kati waliokuwa wakipigana juu ya farasi huku wakijidai mbele ya akina dada. Siku hizi umefufuliwa na watu wenye kazi zao za kawaida kabisa: mafundi magari, walimu, makarani, wapiga programu za kompyuta. Jumatatu mpaka Ijumaa ofisini, Jumamosi na Jumapili wanapasuana.

Silaha zao ni za chuma cha kweli, ila makali yameondolewa. Kuchoma kwa ncha ni marufuku. Kumpiga mtu nyayoni, nyuma ya goti, kisogoni au pale pa siri nako ni marufuku. Sehemu nyingine zote ni halali yako, kaka.

Sasa kimbembe kinaanzia hapa. Mtazamaji aliyelipa kiingilio anakuja akitegemea kuona panga zikigongana na kutoa cheche, mtu akiruka, akizunguka na kumaliza kazi kwa pigo moja la kifahari. Anachokiona ni rundo la mabati yanayosukumana ukutani kama watu wanaogombea daladala saa moja asubuhi. Raundi inaweza kwisha kabla hajajua nani alikuwa nani. "Sasa hiki ndiyo nini?" anauliza. Na hapo ndipo wapenzi wa mchezo huu wanapogawanyika makundi mawili ambayo hayaivi chungu kimoja.

Kundi la kwanza linasema mchezo bila mbwembwe haujazi uwanja, na uwanja usipojaa hakuna pesa ya kukodi ngome, kulipa madaktari wala kuita timu za mbali. La pili linasema ukianza kupigana kwa ajili ya jukwaa, umeshakuwa mwigizaji. Kavae manyoya kichwani ukacheze michezo ya kuigiza!

Tusiwacheke. Sisi wenyewe ni wangapi tuliogombana na kaka zetu mbele ya video, tukibishana kama mieleka ya Wamarekani ni ya kweli au ni changa la macho? Wenye mieleka yao walijibu swali hilo mwaka 1989, walipowaambia wabunge wa jimbo la New Jersey kwamba yale ni maburudisho, si mashindano. Walikuwa na sababu yao: walitaka wasiendelee kubanwa na sheria na ada za michezo. Mashabiki walisikia, wakaguna, kisha wakaendelea kujaza viwanja kama kawaida.

Upande wa manaiti, walioamua kuwa wasanii bila kificho wapo, na wanakula vizuri tu. Kuna kampuni ya Medieval Times, yenye asili ya Hispania, iliyofungua ngome yake ya kwanza Marekani mwaka 1983, katika jimbo la Florida. Unalipa, unakaa upande wa naiti wako kufuatana na rangi uliyopewa, unaletewa kuku unayemla kwa mikono bila uma wala kijiko (kwetu hiyo si habari, lakini kule watu wanaiona maajabu), na unapiga kelele mpaka sauti ikauke. Kila pigo limefanyiwa mazoezi na mshindi anajulikana kabla farasi hajatoka bandani. Hakuna anayedanganywa. Na usidhani ni kazi laini, kwani kuanguka kutoka juu ya farasi kila siku, hata kama umepangiwa, mgongo haujui kwamba ni maigizo.

Kati ya hawa wa kuku na wale wa kubamizana ukutani kuna kundi la tatu. Mimi hao ndio walionikuna zaidi.

Tarehe 1 Mei 1966, huko Berkeley, California, vijana wapenzi wa mambo ya kale walifanya sherehe nyuma ya nyumba, wakavaa kizamani na kupigana kwa mapanga ya kuigiza. Utani huo ukazaa chama kikubwa kinachoitwa SCA, ambacho leo kimegawanyika katika "falme" 20. Kila mwaka wanakutana Pennsylvania kwa vita vya mchezo viitwavyo Pennsic, vilivyoanza mwaka 1972, na hukusanyika watu zaidi ya elfu kumi. Wafalme wao hawarithi wala hawapigiwi kura. Mfalme ni yule anayeshinda mashindano ya taji, akipigana kwa heshima ya mwenza aliyemchagua, na wakishinda wanatawala wote wawili kwa miezi michache hadi mashindano mengine.

Silaha yao ni fimbo nene ya henzerani. Usiidharau! Ikikupata sawasawa juu ya deraya, unalala na maumivu. Lakini ajabu yenyewe ni hii: anayeamua kama pigo limeingia si refa. Ni aliyepigwa. Ukipigwa kichwani kwa nguvu inayotosha, unatakiwa ukubali mwenyewe kwamba umekufa, ulale chini. Ukipigwa mkono, unauweka nyuma ya mgongo na kuendelea na uliobaki. Ukipigwa paja, unapigana ukiwa umepiga magoti. Marefa wapo, lakini kazi yao kubwa ni usalama.

Fikiria mfumo huo kwenye mechi zetu za mchangani! Mshambuliaji ajitangazie mwenyewe kwamba ameotea?

Wale wasiokubali mapigo wamepewa jina lao. Wanaitwa faru, kwa sababu ya ngozi nene. Unampiga mtu pigo ambalo uwanja mzima umelisikia, yeye anatikisa kichwa: "Halikuingia vizuri." Hakuna wa kumlazimisha. Anashinda pambano, pengine anavaa na taji, lakini jioni kwenye mahema hakuna anayetaka kukaa naye meza moja. Na jina likishakushika, halitoki.

Hapo ndipo mbwembwe na ushindi vinapokwaruzana kikwelikweli. Tuseme umemkata mwenzako mkono wa ngao. Amebaki na upanga tu, anakutazama. Wewe una ngao yako, na ni fainali ya taji. Unafanyaje? Wapo wanaoitupa ngao chini ili mambo yawe sawa, na watu wanashangilia kama wendawazimu. Wengine wanasema huo ni upuuzi: ule mkono aliupoteza kwa uzembe wake, kwa nini nimrudishie? Na wapo wanaoona kutupa ngao ni dharau, kana kwamba unamwambia mwenzako, "Wewe hata kwa mkono mmoja nakumudu." Nimeligeuza swali hili huku na huku, na kwa upande wangu namwelewa zaidi anayebaki na ngao yake. Ila najua ningemshangilia anayeitupa.

Wanaodai "zamani walipigana kweli, hizi mbwembwe zimeletwa na TV" wanahitaji kusoma historia. William Marshal, Mwingereza aliyefariki mwaka 1219 akiwa mmoja wa watu wakubwa kabisa wa nchi yake, alianza kama kijana asiye na mali, akajenga jina viwanjani. Enzi hizo ukimteka naiti mwenzako kwenye mashindano, alikulipa fidia na farasi wake akawa wako. Marshal na mshirika wake waliwahi kuteka manaiti 103 katika miezi kumi tu. Huo ni mshiko, si sanaa! Lakini siku moja, baada ya mashindano ya Pleurs, Ufaransa, watu walimtafuta wampe zawadi ya samaki mkubwa kwa kupigana vizuri kuliko wote. Wakamkuta kwa mhunzi, kichwa kimelazwa juu ya fuawe, mhunzi anagonga kofia ya chuma iliyokuwa imebondwa mpaka ikagoma kutoka. Ushindi wake ulikuwa wa kichapo, na zawadi ikatolewa kwa macho ya watazamaji.

Halafu kuna Ulrich von Liechtenstein, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe alizunguka mwaka 1227 kutoka upande wa Venice hadi Vienna akiwa amevaa kama Venus, mungu wa kike wa mapenzi, nywele za bandia na kila kitu, akimkabili kwa mkuki kila aliyejitokeza. Eti alivunja mikuki 307. Ukimtoa chumvi nusu, bado ni msanii wa kutosha. Na mwaka 1839, huko Eglinton, Uskoti, lodi mmoja tajiri alipojaribu kufufua mashindano hayo mbele ya umati uliokadiriwa kufika laki moja, mvua ilinyesha mpaka jukwaa likavuja, uwanja ukawa tope, na watu wakafungua miavuli.

Utani huo una upande wake mchungu. Mwaka 1559 mfalme Henri wa Pili wa Ufaransa alicheza kwa mikuki juu ya farasi katika sherehe za harusi na amani. Mkuki wa mpinzani ulivunjika, kibanzi kikamwingia jichoni kupitia kofia. Alikata roho siku kumi baadaye. Mwaka 2007, Rockingham Castle, Uingereza, mwigizaji wa mapambano ya farasi alikuwa akirekodiwa kwa ajili ya kipindi cha televisheni. Mikuki ilikuwa ya mti mwepesi wa balsa, inayotumika kwa makusudi ili ivunjike kirahisi bila kuumiza. Kibanzi kilipenya tundu la jicho la kofia yake, na baada ya kama wiki moja akafariki. Lilikuwa onyesho. Hakuna aliyekuwa anashindania chochote.

Turudi kwa wale wa buhurt. Mashindano yao makubwa ya mataifa, Battle of the Nations, yalianza mwaka 2010 kwenye ngome ya Khotyn, Ukraine, kwa nchi nne tu. Haikupita miaka mingi wakagombana, na mwaka 2013 timu za nchi kadhaa zikaanzisha chama chao, IMCF, kikafanya mashindano ya kwanza mwaka 2014 Belmonte, Hispania. Pembeni yakazuka mapambano ya mtu na mtu ulingoni, taa kali, muziki wa kuingilia, raundi fupi kama za ngumi, yaani bidhaa ya televisheni. Wakongwe wakanung'unika kwamba naiti amegeuzwa bondia. Vijana wakajibu kwamba angalau sasa mtu akitazama anaelewa nani anampiga nani.

Wanalipia wenyewe, hilo lijulikane. Deraya kamili hugharimu maelfu ya dola, na wengi wao wakishinda wanarudi nyumbani na medali na kidole kilichovunjika. Wanawake nao wana timu zao, na wanaowafahamu wanasema usiingie kati.

Ukiletewa mkanda wa mapambano haya na hujui kama ni kweli au maigizo, tazama panga zinaelekea wapi. Waigizaji hugonganisha panga kwa panga, maana ndiko kwenye mlio na cheche, na mkono hunyanyuliwa juu sana ili mwenzake ajiandae na wewe uone. Wanaoshindana hawana habari na upanga wa mtu. Wanapiga kofia, mapigo mafupi, ya haraka, yasiyovutia, sehemu ileile mara nne mara tano, mpaka mtu alegee magoti.