Sikio la Mtoto Linapotua Mombasa

Watoto wachanga huenda Nairobi kimya, lakini hulia wakirudi Mombasa. Aliyenipa habari hiyo ni bi mkubwa wa Mkomani aliyefanya kazi ya uhudumu wa ndege mpaka akastaafu, na aliyeniomba nisimtaje jina. Ndege ni ile ile, mama ni yule yule, na safari yenyewe haizidi saa moja. Nikambishia kwamba mtoto hajui kwenda wala kurudi.

"Yeye hajui, mwanangu. Sikio lake lajua," akasema, akaendelea kumimina kahawa.

Nikayachukulia kama maneno ya barazani, lakini yakakataa kunitoka. Nilipoyapima nikakuta hesabu iko upande wake. Ndege inapokuwa juu, hewa ya ndani hupungua nguvu, na kikomo chake ni kama ile ya mlimani kwenye mita 2,400. Uwanja wa Jomo Kenyatta wenyewe uko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo sikio linalotua Nairobi halina safari ndefu ya kuteremka. Uwanja wa Moi wa Mombasa, kule Port Reitz, uko mita 60 hivi tu. Anayetua huku huteremka mlima wote hadi pwani. Tukishika kikomo hicho cha mita 2,400, badiliko la shinikizo la hewa analolibeba mtoto akitua Mombasa ni kama mara tatu ya lile la Nairobi.

Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna nafasi ndogo yenye hewa, na mrija mwembamba unaoiunganisha na koo. Ndege ikipanda, hewa iliyomo hutanuka na kujitokea yenyewe bila taabu. Ikiteremka, mambo hugeuka: hewa ya nje hukisukuma kiwambo kwa ndani, na mrija haufunguki mpaka mtu ameze kitu au apige miayo. Mtu mzima humeza mate wala asijijue. Mrija wa mtoto mchanga ni mfupi, mwembamba na umelala, na mafua yakimshika huziba. Tena aliyelala humeza mara chache.

"Hapo ndipo kina mama hukosea," asema bi mkubwa. "Mtoto akilala, mama hushukuru Mungu. Humfunika leso, akawa hata kukohoa aogopa asije akamuamsha. Ndege yaanza kuteremka, mtoto ashtuka kwa maumivu. Sasa mpe titi! Halitaki. Amelia mpaka hawezi kunyonya."

Dawa yake ni neno moja ambalo hakuna mzazi apendaye kulisikia: muamshe. Ukisikia masikio yako yanaanza kuziba, au rubani akitangaza kwamba mnateremka, muamshe na umnyonyeshe. "Usingoje kuiona bahari dirishani. Ukiiona, umechelewa."

Akanionyesha namna alivyokuwa akiwasaidia waliokuwa wakiona haya. Alichukua mto wa kochi akaupakata. Pindo la leso akalibana chini ya mkanda wa sidiria, begani, pindo la pili akalipitisha nyuma ya shingo na kulifunga fundo ubavuni, kichwa cha "mtoto" kikabaki upande wa dirisha. Leso ikaanguka pana, na chini yake mkono mmoja uko huru. Abiria wa kiti cha pembeni hataona kitu. Kwa anayetumia chupa, achanganye maziwa mapema, kwa sababu ndege ikishaanza kuteremka hakuna mhudumu atakayekuletea maji moto. Na mkubwa kidogo, "aliyekwisha kuota meno na ajuaye kutema kokwa," apewe mabuyu. Amumunye taratibu, mate yamjae kinywani, ameze. Kwa asiyefika hapo, mabuyu ni hatari ya kumkaba. Maji ya kunywa kidogo kidogo yatosha.

Anachokumbuka kwa uchungu zaidi ni macho ya abiria. Mama anayeliliwa na mtoto hutazamwa na ndege nzima kana kwamba hakumfunza adabu mtoto wa miezi minne. Mbona basi jambo dogo kama hili halitangazwi pamoja na mikanda na meza za kukunjwa?

Nilipomuuliza hilo alinijibu kwa swali lake, na lake ni zito zaidi. Mtoto chini ya miaka 2 huruhusiwa kupakatwa, na safari za nje hulipiwa kwa kawaida kama asilimia 10 ya nauli. "Birika la chai nalifungia kabatini lisiruke. Begi nalisukuma chini ya kiti. Mama mwenye ubeleko namwambia aufungue, maana haufai wakati wa kuruka na kutua. Kisha mtoto namwacha mikononi. Kwa nini?"

Swali hilo lina historia. Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya United nambari 232 ilianguka ikijaribu kutua Sioux City, Marekani. Mhudumu mkuu, Jan Brown, aliwaagiza wazazi wawalaze sakafuni watoto wa kupakatwa, kama alivyofunzwa. Mmoja wao, ambaye hakuwa ametimiza miaka 2, akafa. Brown alipigania kwa miaka mingi kila mtoto apewe kiti chake na mkanda wake. Wasimamizi wa anga wa Marekani walikataa kulazimisha: nauli ikipanda, walisema, familia zitahamia barabarani, na huko hufa wengi zaidi.

Anayeijua barabara ya Mombasa kwenda Nairobi usiku hawezi kuidharau hoja hiyo. Mtoto anayepakatwa ndani ya basi hana hata wa kumuuliza kuhusu mkanda. Lakini je, hatari ya barabarani ndiyo ihalalishe ile ya angani?

Bi mkubwa ana binti Doha, mwenye mtoto wa mwaka mmoja. Nilimuuliza kama binti humnunulia mtoto kiti.

"Humpakata," akasema. "Na mimi, pamoja na yote niliyokwambia, simwambii kitu. Bei ya kile kiti naijua."