Kengele ya Tangi

Mita ya tangi ni chombo kinachomwarifu mwenye mali yaliyomo mahali asipoweza kuchungulia, yawe ni maji ya nyumba au petroli ya kituo. Lakini mita peke yake haimfai mtu aliyelala au aliyeshughulika na jambo jingine, na ndiyo maana huongezewa kengele. Aghalabu viwango vya kuonya huwa vinne: cha chini kabisa, kinachozima pampu isije ikavuta hewa na kuungua, cha chini, kinachoarifu kwamba akiba yakaribia kwisha, cha juu, kinachomwita mlinzi, na cha juu kabisa, kinachofunga njia ya kuingilia bila ya kungoja amri ya mtu.

Wengi hukisia viwango hivi kwa jicho, ilhali hesabu ya haki haianzii kwenye urefu wa tangi, bali kwenye muda anaouhitaji binadamu kuisikia kengele, kuinuka, kuifikia vali na kuifunga. Chukua tangi la nyumbani la lita 5,000 linalojazwa na pampu ya lita 50 kwa dakika: ikiwa mwenye nyumba huhitaji dakika 10 kushuka ghorofani na kuizima, katika muda huo zitaingia lita 500, yaani sehemu moja ya kumi ya tangi zima, basi kengele ikilia kwenye asilimia 90 atawahi kwa taabu, na ikilia kwenye asilimia 85 atawahi kwa utulivu. Siku pampu itakapobadilishwa ikawekwa yenye nguvu maradufu, hesabu hiyo itabatilika, na kengele iliyokuwa sahihi jana itakuwa ya kuchelewa.

Tena maji yaingiapo kwa nguvu uso wake huchezacheza, na mita isiyoachiwa pengo italia na kunyamaza, italia na kunyamaza, mpaka masikio yachoke. Dawa yake ni kuiamuru ilie kwenye 85 na isinyamaze mpaka maji yashuke hadi 82, na kuipa sekunde chache za kuyakinisha kabla ya kupiga kelele. Kwa maana kengele iliayo ovyo humzoesha mlinzi kuipuuza, na siku ya hatari ataipuuza vilevile.

Hayo yote yakitimia, bado limesalia jambo zito kuliko yote. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2005, katika bohari ya mafuta ya Buncefield, karibu na mji wa Hemel Hempstead nchini Uingereza, tangi namba 912, lenye uwezo wa kubeba lita milioni 6, lilikuwa likipokea petroli kwa bomba. Yapata saa tisa za usiku mita yake ilikwama, ikashikilia kwamba tangi limejaa thuluthi mbili tu, na petroli ikizidi kupanda. Na madhali kengele za mita zote ziliitegemea mita hiyo hiyo, hata moja haikulia. Palikuwa na swichi ya pili, iliyojitenga na mita, iliyowekwa juu kabisa kwa ajili ya dharura kama hiyo. Lakini mkono wake wa kufanyia majaribio ulihitaji kushikiliwa mahali pake na kufuli dogo, nalo halikufungwa, hivyo swichi ikawa kama haipo. Zaidi ya lita 250,000 zilifurika, mvuke ukatanda, na saa kumi na mbili na dakika moja asubuhi ukalipuka, ukajeruhi watu 43, ingawa hakufa hata mmoja. Na mita ile ilikuwa imekwisha kukwama mara 14 tangu mwisho wa Agosti!

Basi shahidi mmoja hatoshi: kengele ya mwisho haina budi kuwa na kihisi chake mbali na mita, ijaribiwe kwa ratiba iliyoandikwa, na baada ya kila jaribio kila kifaa kirudishwe mahali pake na mtu anayejua kazi yake. Mita iliyokwama isihesabiwe kuwa imepona kwa sababu imeanza kusoma tena, bali itafutwe sababu yake. Na karibu na kengele libandikwe jina la mwenye dhamana ya kuiitikia, mchana na usiku, kwani onyo lisilo na mwenye kuliitikia halimkingi mtu na hasara.