Kabla ya kutupa kabureta ya DT, angalia tangi

Wandugu, Yamaha DT 125 za zamani bado zinatembea hapa Kisangani. Zile zinazofika kwangu Kapalata, karibu zote ziko na lalamiko moja: "Inazima njiani, kabureta imekufa." Mwenyewe ameshaambiwa anunue mpya. Anaiweka, na baada ya muda ugonjwa unarudi palepale. Franga zimekwenda, na pikipiki hiyo njo inayolipa masomo ya watoto.

Mara nyingi kabureta haijakufa, imeziba tu. Na uchafu unatoka juu yake, kwenye tangi. Mji wetu uko karibu kabisa na ikweta, mvua inanyesha karibu mwaka mzima. Tangi la chuma likikaa nusu tupu, hewa yenye unyevu inaingia, usiku inapoa na kuacha matone ya maji ndani. Esansi ya chupa tunayonunua kwa Kadhafi barabarani nayo inaweza kuwa na maji au mchanga. Kutu inaanza, unga wake unashuka mpaka kwenye jikleri, ile skrubu ndogo ya shaba inayopitisha esansi. Tundu la jikleri ya silansi halifiki hata milimita moja.

Hapo kuna hatari. Jikleri kubwa ikiziba nusu, esansi inapungua na hewa inazidi. Joto linapanda, na kwenye injini ya mipigo miwili kama ya DT pistoni inaweza kutoboka au kushika ndani ya silinda. Sasa hauzungumzi tena bei ya kabureta.

Basi anza na tangi. Litoe, mwaga esansi uwanjani, mbali na jiko la makala na sigara. Fungua robine, safisha kichujio chake. Tia ndani changarawe iliyooshwa na maji ya sabuni, tikisa vizuri, mwaga, rudia. Halafu jaza siki, acha usiku mzima. Asubuhi suuza kwa maji yenye bikaboneti kidogo ili ukali wa siki uishe, kausha juani siku hiyohiyo, kisha zungusha oili kidogo ndani ili chuma kisishike kutu tena. Kama tangi limetoboka, usikubali lichomelewe hivi hivi: mvuke wa esansi unaobaki ndani unaweza kulipuka.

Sasa kabureta. Piga picha kwa simu kila hatua. Kabla ya kutoa skrubu ya hewa, ifunge polepole ukihesabu mizunguko mpaka iguse, andika namba hiyo, ndiyo utakayoirudisha. Loweka jikleri kwenye esansi safi, pulizia kwa pampu ya baiskeli, hata ile ya jirani wa toleka. Usichokoe kwa waya wa chuma: shaba ni laini, tundu litapanuka na kipimo kitapotea. Uzi wa nailoni wa kuvulia samaki unatosha. Angalia sindano ya floteri: ikiwa ncha yake ina mfereji, nunua sindano tu na join mpya.

Kazi ni ileile kwenye gari la michezo la zamani. Datsun 240Z, iliyoshinda Safari Rally 1971 na 1973, ina kabureta mbili, na uchafu wa tangi lake unazifikia zote.

Ukimaliza, tembeza kilomita chache kisha toa buji. Ikiwa ya kahawia, injini inakula vizuri. Ikiwa nyeusi na yenye maji-maji, esansi au oili imezidi. Ikiwa nyeupe, usiendelee kutembea: bado kuna tundu limeziba au hewa inaingia mahali. Rudi kwenye jikleri kabla pistoni haijalipa deni hilo.