Mshipa wa Ngisi na Mashine ya Kuhesabu

Mtu akikanyaga mwiba huvuta mguu mara moja. Habari ya mwiba hupita katika mishipa ya fahamu, nayo ni habari ya umeme. Lakini umeme huo hauendi kama ule wa waya. Huzaliwa upya hatua kwa hatua, sodiamu ikiingia ndani ya mshipa na potasiamu ikitoka nje. Je, jambo hili lilijulikanaje?

Waingereza wawili, A. L. Hodgkin na A. F. Huxley, walimchagua ngisi, kwa kuwa anao mshipa wenye unene wa nusu milimita hivi, hata waya mwembamba waweza kutiwa ndani yake. Walianza mwaka 1939 huko Plymouth. Vita vikawakatiza, wakairudia kazi baadaye. Waliuzuia umeme wa mshipa usibadilike, wakapima sodiamu na potasiamu zilizopita. Kisha wakatunga hesabu ya kueleza vipimo vile. Hesabu ya namna hii huitwa mfano: ndani yake mna namba zisizojulikana, nazo huchaguliwa mpaka mstari wa hesabu upite karibu na nukta za vipimo.

Basi mfano wao ukapatana na vipimo. Je, yatosha? La. Nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mtu haishangazi ikimkaa vema. Yapasa mfano uulizwe jambo ambalo haukushonewa. Wakauliza: katika mshipa ulioachwa huru, habari itakwenda kwa mwendo gani?

Mwaka 1951 kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilikuwa imesimamishwa ili ifanyiwe matengenezo. Huxley akaketi na mashine ndogo ya kuhesabia, yenye mpini wa kuzungushwa kwa mkono. Kazi ilichosha kweli kweli. Ilimpasa kwanza kukisia mwendo, ndipo ahesabu. Akikisia vibaya, hesabu ilipanda au kushuka pasipo kikomo, naye alianza tena. Majuma kadhaa yakapita. Jibu likawa mita 18.8 kwa sekunde. Katika mshipa wenyewe mwendo uliopimwa ulikuwa mita 21.2. Hazikulingana, lakini zilikaribiana mno kwa hesabu iliyotungwa pasipo kutumia kipimo cha mwendo. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1952.

Siku hizi kazi ile hufanywa upesi na programu ya kompyuta. Mtu huiandikia hesabu yake na vipimo vyake. Programu hujaribu namba, hutafuta tofauti baina ya mstari na kila nukta, huzidisha kila tofauti kwa yenyewe, ili za juu na za chini zisifutane, kisha huzijumlisha. Hubadili namba kidogo na kujaribu tena, hata jumla isiweze kupungua zaidi. Haichoki, lakini haimjui ngisi. Mfano wenye namba nyingi mno za kuchagua waweza kupatana hata na vipimo vyenye makosa. Kwa hiyo wenye busara huweka vipimo vingine kando, programu isivione, na mfano ukiisha kushonwa ndipo huulinganisha navyo.