Bei ya njia ikibadilika, badilisheni pande zote mbili

Katika koperative moja ninayofuatilia, mtunza sanduku alikaribia kufukuzwa juu ya namba moja tu. Magunia 30 ya mbegu ya maharagi yalitoka Kadutu kwenda Mudaka. Ordinateri ilisema kamyo ni franga 4.500 kwa gunia, dereva akadai 6.500. Franga 60.000 zaidi zikatoka kwenye sanduku, na watu wakaanza kunong'ona: huyu amekula.

Hakukula. Mvua iliharibu njia ya kamyo, bei ikapanda, na kijana wa ordinateri akaandika bei mpya kutoka Mudaka kwenda Kadutu. Kutoka Kadutu kwenda Mudaka akasahau.

Koperative ile iko na ramani ya namna hii. Haina milima wala mito. Iko na vituo (shamba, depo, soko) na mistari inayoviunganisha. Kila mustari unabeba uzito, ni kusema bei ya kupitisha gunia moja. Kituo nacho kinaweza kuwa na uzito wake: pale depo ya Bagira mnalipa wenye kushusha na kupandisha. Wazo si la jana. Mholanzi Edsger Dijkstra alitafuta mwaka 1956 namna ya kupata njia fupi kati ya miji miwili, akaitangaza mwaka 1959, na mpaka leo programu nyingi za njia zinaifuata.

Tuchukue bei za mfano. Mudaka mpaka Bagira 2.500, kushusha na kupandisha Bagira 500, Bagira mpaka Kadutu kwa moto 2.000. Jumla 5.000. Kamyo ya moja kwa moja ikiwa 4.500, tunapanda kamyo. Ikifika 6.500, tunapitia Bagira. Namba moja ikibadilika, njia nzima inageuka.

Kwa lugha ya Python, kituo kinaongezwa hivi:

ramani = {}
ramani["Bagira"] = {"uzito": 500, "njia": {}}
ramani["Kadutu"] = {"uzito": 0, "njia": {}}

Halafu njia, kwenda na kurudi:

ramani["Bagira"]["njia"]["Kadutu"] = 2000
ramani["Kadutu"]["njia"]["Bagira"] = 2000

Vituo vyote kwanza, njia baadaye, la sivyo programu inakataa. Mistari miwili ya namna hiyo ndiyo ilileta kelele kwa mtunza sanduku wetu. Kuna mara bei ya kupanda mlima na mzigo inatofautiana kweli na ya kuteremka. Basi andikeni namba mbili tofauti, lakini ziandikeni zote mbili.

Kosa lingine linauma zaidi, kwa sababu halionekani. Wabebaji wa Bagira wamepandisha bei mpaka 800. Kijana anarudilia ule mustari wa kwanza wa Bagira, anaweka 800 pahali pa 500. Ordinateri hailalamiki, lakini "njia" imerudi tupu: njia zote za kutoka Bagira zimefutika. Kwa kituo ambacho kiko tayari, gusa uzito peke yake:

ramani["Bagira"]["uzito"] = 800

Kupitia Bagira sasa ni 5.300, bado chini ya kamyo.

Na njia ikikatika kabisa? Nimeona watu wanaandika 0. Musifanye hivyo hata siku moja! Kwa ordinateri, 0 ni bure, na itapeleka tomati zenu zote kwenye matope. Njia iliyokatika inafutwa, pande mbili:

del ramani["Mudaka"]["njia"]["Kadutu"]
del ramani["Kadutu"]["njia"]["Mudaka"]

Ikitengenezwa mnairudisha na bei ya siku ile, si ya zamani. Mwulizeni dereva mwenyewe asubuhi, mbele ya kufunga magunia.