Je, Wajua? Kenya Haikuzaliwa Chini ya Mshale

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, bendera ya Mwingereza iliteremshwa Nairobi na ya Kenya ikapandishwa. Mnajimu atakuambia papo hapo kwamba nchi iliyozaliwa siku hiyo nyota yake ni Mshale, kwa sababu Mshale huanza karibu tarehe 22 Novemba na kwisha 21 Desemba. Lakini Jua la siku hiyo halikuwa kwenye nyota za Mshale. Lilikuwa katika Hawaa, mshika nyoka, kundinyota ambalo halimo katika buruji 12 za wanajimu. Kila Sikukuu ya Jamhuri Jua huwa papo hapo, na haliingii Mshale mpaka karibu tarehe 18.

Hakuna aliyekosea hesabu. Wanafalaki na wanajimu wanatumia majina yale yale kwa vitu viwili tofauti.

Kwa mwanafalaki, kundinyota ni eneo la anga. Mwaka 1922 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikubaliana juu ya makundinyota 88, na mwaka 1928 ukapitisha mipaka iliyochorwa na Mbelgiji Eugène Delporte. Tangu hapo kila nyota imo ndani ya kundi moja tu, kama kila kijiji cha Taita Taveta kilivyo ndani ya kata yake. Maeneo hayo hayalingani ukubwa. Jua huchukua siku 45 hivi kulivuka Mashuke, lakini Nge hulipita kwa wiki moja tu, kisha hukaa Hawaa zaidi ya wiki mbili. Kwa mwaka mzima linapitia makundinyota 13.

Faida ya mipaka hii ilionekana hapa kwetu Pwani. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei za angani. Iliitwa Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei, na wanafalaki wanavitambua baadhi kwa jina la kundinyota: Centaurus X-3, Scorpius X-1. Jina hilo linakuelekeza pa kutazama, basi. Scorpius X-1 iko upande wa Nge, umbali wa miaka nuru 9,000 hivi, wakati Antares, ile nyota nyekundu iliyo moyo wa Nge, iko miaka nuru 550 tu. Hazina ujirani wowote.

Buruji ya mnajimu ni kitu kingine: ni kipande cha njia ya Jua, tena kipande kilichopimwa kwa kalenda. Zaidi ya miaka 2,400 iliyopita Wababeli waliigawa njia hiyo sehemu 12 zilizo sawa, digrii 30 kila moja, wakazipa majina ya nyota zilizokuwa jirani. Wagiriki wakazipokea, kisha Waarabu, na kwetu zikafika kama Hamali, Thauri, Jauza na nyinginezo, majina ambayo marehemu Sheikh Yahya Hussein, mnajimu wa Dar es Salaam, aliyazoesha masikioni mwa watu wengi. Hamali huanza siku Jua linapovuka ikweta ya anga, karibu tarehe 21 Machi, iwe nyota gani ziko nyuma yake.

Na nyota za nyuma yake zimebadilika. Mwezi na Jua huvuta unene wa Dunia pale kwenye ikweta, na mhimili wa Dunia huyumba taratibu, mzunguko mmoja kwa miaka 26,000 hivi. Kwa hiyo ile nukta ya Machi husogea digrii moja kila baada ya miaka 72. Hipparchus, Mgiriki, alilitambua jambo hili karne ya pili kabla ya Kristo. Leo nukta hiyo imo ndani ya Samaki, karibu kundi zima nyuma ya jina lake. Wanajimu wa Kihindi hurekebisha tofauti hiyo katika hesabu zao, ingawa nao wamebaki na vipande 12 vilivyo sawa, na Hawaa hana nafasi.

Voi ni mahali pazuri sana pa kuyahakikisha haya. Mji uko digrii tatu na nusu hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo karibu anga yote hupita juu yake katika mwaka. Ukiziacha taa za mjini ukaelekea upande wa Tsavo Mashariki au mitelemko ya Sagalla, giza ni la kweli. Katikati ya Aprili, mawingu ya masika yakiachia, tazama saa tatu usiku: Simba yuko juu sana upande wa kaskazini, miguu juu na mgongo chini, maana waliomchora waliishi kaskazini na kumwona kutoka upande wa pili. Regulus, nyota ya kifuani, iko miaka nuru 79. Denebola ya mkiani iko 36. Mnyama ni wa macho yetu tu, na bado anapendeza kumtazama. Mwezi Agosti, wakati magazeti yanapowapa waliozaliwa chini ya Simba bahati zao, Simba mwenyewe anamezwa na mwanga wa Jua na usiku hayupo. Naona ni hasara kubwa mtoto wa Voi kuzijua tabia za "watu wa Simba" kabla hajaonyeshwa Simba.

Kuna kipimo kisichohitaji darubini. Usiku wa manane, sehemu ya anga inayoelekeana na Jua huwa imefika juu kabisa. Usiku wa Jamhuri, saa sita na dakika ishirini, sehemu hiyo kwa Voi iko kwenye ncha za pembe za Ng'ombe, na upande wa pili wa pembe hizo ni Hawaa. Jua lingekuwa kwenye nyota za Mshale, wangekuwa Mapacha mahali hapo. Lakini saa hiyo Mapacha bado wanapanda kutoka mashariki.

Mchana, ushahidi huja kwa nadra, pale Jua linapopatwa kikamilifu na nyota zilizo karibu yake zikaweza kuonekana. Tarehe 30 Juni 1973 Jua lilipatwa kikamilifu juu ya Ziwa Turkana. Kwa mnajimu lilikuwa Kaa, kumbe lilikuwa katika Mapacha. Tarehe 2 Agosti 2027 litapatwa tena, kivuli kikipita Misri, Saudi Arabia na Yemen hadi kaskazini mwa Somalia. Magazeti yatasema Simba. Jua litakuwa katika Kaa.