Askari Likizoni na Majukwaa ya Kampala

Askari au polisi wa Mpondwe apatapo ruhusa ya kwenda Kampala huwa na siku chache na mambo mengi: karo ya watoto, mgonjwa wa kutazamwa, bati za nyumba. Jioni ikiingia, wengi huishia baa, na asubuhi fedha hazionekani. Sisi tushughulikao na habari za jeshi twaona yafaa ndugu zetu waambiwe kwamba mji ule una mahali pengine pa kukaa jioni.

Pa kwanza ni Jumba la Taifa la Maonyesho, lililofunguliwa mwaka 1959, karibu na Bunge. Humo huchezwa tamthilia, ngoma na muziki. Michezo mingi ni ya Kiluganda, lakini asiyeijua lugha hiyo naye hucheka, maana waigizaji wa Kampala husema kwa mwili mzima.

Hapo hapana budi tukumbushane jambo ambalo mwenye sare hapaswi kulipita kimya. Mapema mwaka 1977 mkurugenzi wa jumba hilo, Byron Kawadwa, alipeleka Lagos, Nigeria, tamthilia yake ya nyimba, Oluyimba lwa Wankoko, katika tamasha kubwa la sanaa za Waafrika. Hakukaa sana baada ya kurudi. Watu wa usalama wa serikali ya Idi Amin walimkamata, akauawa, na wengi waliona kuwa mchezo huo ndio uliomponza. Wasanii wa Kampala hawajasahau. Tena Kiswahili chenyewe, kwa miaka mingi, kilisikika masikioni mwa watu wengi wa mji ule kama lugha ya kambini na ya amri.

Kwa hiyo askari aendapo pale aache sare na silaha kambini, alipe kiingilio kama raia, amsalimie bawabu kwa upole na kukaa kiti alichoonyeshwa. Mchekeshaji akimwigiza polisi mla rushwa, acheke pamoja na wengine, asipochekeshwa, atulie.

Mwenye mke na watoto tungemshauri aende Kituo cha Ndere, upande wa Ntinda na Kisaasi. Kundi la Ndere lilianzishwa mwaka 1984 na Stephen Rwangyezi, na jina lake latokana na endere, yaani filimbi. Jumapili jioni wachezaji huizunguka Uganda nzima pasipo kutoka uwanjani: bakisimba ya Baganda; ekitaguriro ya Ankole, mikono ikiinuliwa mfano wa pembe za ng'ombe; larakaraka ya Waacholi, vijana wakigonga vibuyu kwa spoki za baiskeli. Kila ngoma huelezwa maana yake. Wageni wa ng'ambo hujaa, lakini mahali hapo si pao peke yao. Mkonzo wa Bwera aliyezoea endara, yale marimba makubwa yanayolazwa juu ya magogo ya migomba, atapata cha kulinganisha.

Wapenda dansi wanayo Afrigo, bendi iliyoanzishwa mwaka 1975, yenye mpiga saksafoni Moses Matovu tangu mwanzo. Ukumbi inapopiga huulizwa mjini siku hiyo hiyo. Dansi huanza usiku sana. Anayerudi Bwera alfajiri akate tiketi ya basi mchana, kabla ya kwenda huko.